Wenye Nyumba Wasiotaka Kuwa Wenyeji

Al Qusais, Dubai
20 Februari 2009

Shangazi Emiliana,

Shikamoo. Goti limepoa? Nilimtumia kaka Protas fedha ya dawa kabla ya Krismasi, naye akaniapia kwamba dawa ameikabidhi mkononi mwako. Mimi sijambo. Tunalala wanawake sita katika chumba kimoja cha wafanyakazi, na wote tunaelewana isipokuwa wakati wa foleni ya bafu. Robinah, mwenzangu wa kutoka Masaka, Uganda, anakwenda likizo kwao wiki hii. Ameahidi kuvuka mpaka hadi Mutukula na kuitia barua hii posta upande wetu, maana nakumbuka hutaki nikueleze jambo zito kwa simu.

Jambo lenyewe ni Linus wa Mama Marietha, yule kijana wa jirani yako uliyeniomba nimtafutie kazi, nikampatia ulinzi wa lango katika mtaa wa matajiri ninapofanya kazi ya uhudumu. Ijumaa iliyopita Jumuiya ya Wenye Nyumba wa mtaa huo ilifanya sherehe ya kuchoma nyama kando ya bwawa la kuogelea. Vinywaji vilitolewa. Usiku kigari cha umeme kilipita langoni kwa kasi na Linus akagongwa. Nyonga imevunjika. Amelazwa, anazungumza vizuri, anakusalimu.

Tafadhali usimwambie mama yake bado. Linus mwenyewe ameomba hivyo. Sina mengi ya kuongeza, nimechoka. Siku hiyo nilifanya kazi masaa kumi na sita.

Wako mtiifu,
Fortunata


Kamachumu, Kagera
15 Machi 2009

Binti yangu Fortunata,

Marahaba. Goti ni goti la mzee, tusilipotezee karatasi. Dawa niliipata, ingawa Protas aliileta ikiwa imefunguliwa na akanieleza kwamba alikuwa anahakikisha kama ni yenyewe. Wilbard, kitinda mimba wake, amepata Kipaimara na sasa anajiona mtu mzima. Jana alikataa kuchota maji. Mvua imewahi. Nina mgeni nyumbani, kwa hiyo sikai peke yangu.

Sasa barua yako. Hakuna neno "masaa". Ni saa, ziwe moja au kumi na sita. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: vinywaji vilitolewa, na nani? Kigari kilipita; nani alikishika usukani? Linus akagongwa, nyonga imevunjika. Ukurasa mzima umejaa mambo yaliyotendeka, na simwoni hata mtu mmoja aliyeyatenda. Nimefundisha sarufi muda wa kutosha kujua mtu anapoikimbilia kauli ya namna hiyo. Watoto waliokipiga kioo cha darasa kwa mpira hawakuwahi kuniandikia "tumevunja kioo". Waliandika "kioo kimevunjika", wakatia na nukta.

Niandikie upya. Kila kitenzi kiwe na mtu wake. Wala usinipigie simu, kwa sababu simu hukatika pale mtu anapotaka ikatike.

Ni mimi shangazi yako,
Emiliana


Al Qusais, Dubai
9 Aprili 2009

Shangazi,

Shikamoo, na hongera kwa Wilbard. Hapa joto limeanza. Kampuni nyingi za ujenzi zinapunguza watu. Juzi basi zima la mafundi walioishi jengo la pili lilipelekwa uwanja wa ndege, na magodoro yao yakabaki uani. Nakueleza hili ili ujue wakati tulio nao.

Naanza upya kama ulivyoagiza. Jumuiya ya Wenye Nyumba ilinunua bia na mvinyo. Mimi nilimimina. Sikuwahi kukuambia kwamba katika kazi yangu namimina pombe. Niliandika "vinywaji" na nikakuacha usome soda. Mgeni mmoja, mhandisi, alilewa. Alikiendesha kigari cha Jumuiya, kile kinachowapeleka wageni milangoni mwa nyumba, akamgonga Linus aliyekuwa akiinua kizuizi cha lango.

Hospitali ilimpasua mara ya kwanza na kumtuliza maumivu. Daktari anasema bila upasuaji wa pili, wa kuweka chuma, hatatembea sawasawa. Kampuni yake ya ulinzi inasema upasuaji huo si juu yao, na wanazungumzia kumrudisha nyumbani.

Jumuiya ina bima ya kumlipa mtu anayeumia ndani ya mtaa. Lakini mkataba unasema kwamba Jumuiya ikitaka kuwapa watu pombe katika sherehe yake, sharti iiarifu kampuni ya bima kabla, nayo iongezewe kinga. Kamati haikuarifu. Hata kibali cha sherehe walikiomba bila kutaja pombe, na hapa pombe bila kibali ni kesi ya polisi. Kwa hiyo ikijulikana kwamba chupa zilikuwa za Jumuiya, bima haitoi kitu, na wenye nyumba watatakiwa kulipa kutoka mifukoni mwao.

Bwana Raed, mwenyekiti wa kamati, aliniita ofisini. Alinikaribisha kiti, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akanisomea maelezo waliyokwisha kuyaandika kwa jina langu: kwamba kila mgeni alikuja na chupa yake, na mimi kazi yangu ilikuwa kukusanya glasi. Aliniambia, "Ukitia sahihi, bima inamlipa rafiki yako ndani ya mwezi. Usipotia, hapati kitu. Unamwumiza nani kwa sahihi hiyo? Hakuna. Yalla, haya, fikiri."

Shangazi, nimefikiri. Naona ni kweli kwamba haimwumizi mtu. Linus atapata chuma chake. Nipe ruhusa.

Fortunata


Al Qusais, Dubai
6 Mei 2009

Shangazi,

Shikamoo. Jibu lako halijafika, nami siwezi kusubiri tena, kwa hiyo barua hii inaifuata ile ya Aprili. Linus bado amelazwa. Robinah amerudi na anasema ile barua ya kwanza aliitia posta kwa mkono wake.

Kampuni ya bima imemtuma mchunguzi. Ni Mswahili wa Mombasa, anaitwa Hafiz, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe na viatu vilivyopigwa rangi. Aliposikia jina la kwetu aliacha Kiingereza. Nilianza kumweleza nani alikunywa glasi ngapi, akanikatiza: "Dadangu, mimi sikuulizi nani alikunywa. Nambia, nani alikuwa mwenyeji?"

Akasema kwamba kwake yeye kesi yote imelala juu ya neno hilo. Kama mwenyeji wa pombe ni kila mgeni na chupa yake, kampuni yake italipa kama ajali nyingine yoyote. Kama mwenyeji ni Jumuiya, basi Jumuiya ilivunja mkataba, na mzigo ni wake. Lakini akaniongezea kwamba wakilipa juu ya maelezo ya uongo, halafu uongo ukajulikana, watakidai kilichotolewa, tena wataanza na aliyetia sahihi. Akaniachia kadi yake na kunipa siku za kutafakari.

Kuna jambo sikuliandika. Bwana Raed analijua, na amenieleza kwamba nikikataa kutia sahihi atalisema. Nakuandikia kabla hajalisema.

Yule mhandisi alipotaka kwenda kwenye gari lake, mimi ndiye niliyemnyang'anya ufunguo. Nilimshika mkono nikamsindikiza hadi kwenye kigari, nikamkalisha, nikamwambia asubiri dereva. Ndivyo tunavyofanya kwetu. Mtu aliyekunywa nyumbani kwako haachwi aende peke yake. Dereva, Badawi, alikuwa amekwenda kuswali Isha, na ufunguo wa kigari alikuwa ameuacha mahali pake. Mimi nilirudi kukusanya sahani. Sikugeuka hata kutazama.

Kwa hiyo unaona kwa nini niliandika kwamba kigari kilipita.

Fortunata


Kamachumu, Kagera
30 Mei 2009

Binti yangu,

Barua zako mbili nimezipokea siku moja, kwa sababu karani wa posta alikuwa msibani na hakuna mwingine mwenye ufunguo wa sanduku. Nimezisoma kwa kufuata tarehe. Kisha nikazisoma tena kwa sauti, maana mgeni wangu hajui kusoma.

Mgeni huyo ni Marietha. Alisikia habari za mwanawe kwa watu wa gulio kabla barua yako ya kwanza haijanifikia, akaja kwangu na kanga moja na sufuria, akasema hawezi kulala ndani ya nyumba ile peke yake. Sikukueleza kwa kuwa uliniomba nisimwambie, nami sikutaka uanze kuandika barua za kumfurahisha yeye badala ya barua za kweli. Sasa unajua.

Nianze na ufunguo. Ulimzuia mlevi asiendeshe gari lake barabarani. Ulifanya vyema. Hukuutoa ufunguo wa kigari, na hukumwita mtu mwingine amwangalie. Hapo ulikosea. Andika yote mawili, la kwanza na la pili, kwa mpangilio huo, bila kupamba. Bwana Raed atabaki na kitisho gani baada ya hapo?

Sasa neno la Bwana Hafiz, ambalo nimelifurahia. Mwenyeji asili yake ni mwenye mji. Si aliyeshika chupa, wala si aliyemimina. Ni yule ambaye mgeni akiulizwa "umekuja kwa nani?" humtaja. Watu hao wamejiita Jumuiya ya Wenye Nyumba. Wana nyumba, wana bwawa, wana lango na mlinzi, wana kigari chenye jina lao ubavuni. Ila ukifika usiku ule mmoja tu, hakuna hata mmoja aliye mwenyeji. Wanataka uwe mwenyeji wewe, unayelala na wenzako watano Al Qusais.

Unasema sahihi hiyo haimwumizi mtu. Soma tena maelezo waliyokuandikia. Yanasema Linus aligongwa na mgeni asiye na mwenyeji. Maana yake aligongwa na upepo. Wakishalipa hicho watakacholipa, chuma kikihitaji kubadilishwa baada ya miaka, atamwendea nani? Atakwenda kwa upepo?

Ruhusa sikupi. Hukuniomba ushauri, uliniomba ruhusa, na hiyo ndiyo sababu nakukatalia kwa neno moja: hapana.

Marietha amesikiliza hadi mwisho. Ameuliza mara moja tu kama ni kweli kwamba Bwana Raed alisema "ndani ya mwezi". Nimemjibu kwamba ni kweli alisema.

Emiliana


Karama, Dubai
17 Julai 2009

Shangazi,

Shikamoo. Umeona anwani. Nimehama, nitakueleza. Mwambie Mama Marietha kwamba Linus anakula, na kwamba amemfundisha muuguzi mmoja wa Kifilipino kusema "nshomile" kila anapomletea vidonge, naye huyo muuguzi anajitangaza kwamba amesoma huku akiamini maana yake ni asante.

Barua yako ilinifikia nikiwa nimeshaishika kalamu ya Bwana Raed mara moja na kuiweka chini. Kabla ya kwenda kwa Hafiz nilikwenda hospitali, nikaketi kando ya Linus na kumweleza kila kitu, pamoja na ufunguo. Nililia. Akaniambia, "Dada Fotu, mimi ndiye niliyegongwa, wewe ndiye unayelia. Hebu tupangane zamu." Nikamwuliza anataka nini, kwa kuwa nyonga ni yake. Alinijibu hivi:

"Yule mtu alipoingia jioni nilimpigia saluti. Mgeni wa kawaida simpigii, namwandika jina nampitisha. Siku ile tuliambiwa wote wanaokuja ni wageni wa Jumuiya, kila mmoja saluti. Sasa wakisema hakuwa mgeni wao, mimi nilimpigia saluti nani? Kaseme."

Hafiz hakuniharakisha. Aliandika Kiswahili kwanza, kisha Kiingereza, akanisomea vyote viwili. Nilisema: Jumuiya ilinunua pombe. Bwana Raed aliniagiza niimimine. Mimi niliimimina. Nilimnyang'anya mgeni ufunguo wa gari lake, nikamkalisha katika kigari cha Jumuiya, sikuutoa ufunguo wa kigari. Mgeni alikiendesha akamgonga Linus. Nikamweleza na ile saluti, na Hafiz akaweka kalamu mezani, akasema, "Hilo ndilo jawabu nililokuwa nikilitafuta tangu Mei." Alikwenda akaandika maelezo ya Linus mwenyewe, na walinzi wengine wawili wakathibitisha agizo lile.

Kampuni ya bima imekataa kulipa, kama alivyokuwa amesema. Ni juu ya Jumuiya sasa. Bwana Raed aliniita, safari hii nikiwa nimesimama. Alisema nimewaharibia watu thelathini kwa ajili ya mlinzi mmoja. Nikamwambia, "Sir, niliulizwa mwenyeji ni nani." Akasema khalas, basi, mkataba wako unaisha mwezi huu na hautaandikwa mwingine. Amenipa barua ya ruhusa ya kutafuta kazi kwingine, jambo ambalo wenzangu wanasema ni bahati. Nadhani alipewa shauri na wakili asinifukuze kwa hasira.

Nalala Karama, kwa Kibibi wa Tanga, sebuleni nyuma ya pazia. Kuna mkahawa hapa chini ya jengo unaotaka mhudumu. Chai na maandazi, Shangazi. Vinywaji vya kweli vya kunywewa asubuhi.

Linus hajapata chuma. Sitaki kukuficha hilo.

Fortunata


Kamachumu, Kagera
16 Agosti 2009

Fortunata,

Marahaba. Sisi ni wazima. Ulifanya kama ulivyopaswa, na sitarudia kulisema.

Marietha ameondoka hapa. Nilimsomea barua yako mezani. Nilipofika mahali pa kampuni ya bima kukataa, alinyanyuka akaanza kukunja kanga yake. Nilimwambia akae nimalizie. Alinijibu kwa utaratibu sana: "Mwalimu, umemfundisha mtoto wako kusema kweli kwa nyonga ya mtoto wangu." Akaichukua sufuria yake.

Nilikuwa na la kumjibu, nalo lilikuwa sahihi. Sikulisema.

Emiliana


Karama, Dubai
28 Septemba 2009

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa ukimya wangu. Nilitaka niwe na jambo la kukueleza. Mwezi wa Ramadhani mkahawa ulifungwa mchana, tukawa tunafanya kazi usiku hadi daku. Treni mpya imeanza kupita juu ya barabara hapa Karama. Kibibi ameipanda mara mbili bila safari yoyote, kwenda na kurudi.

Wenye nyumba walifanya mkutano wao mkuu. Sikuwepo, lakini Badawi, yule dereva wa kigari, alikuwa akipanga viti. Anasema walizozana hadi maji yakaisha kwenye meza. Wengine walisema Jumuiya isilipe hata dirhamu moja, mlevi adaiwe mwenyewe. Ila yule mhandisi alishapunguzwa kazini na ameondoka nchini. Wakili wao akawaeleza kwamba maelezo ya walinzi yako mezani kwa polisi, na kwamba mahakama haitauliza nani alishika glasi. Ndipo mama mmoja mwenye nyumba, Bi Shifaa, akasimama akasema kwamba yeye siku ile alipokea kadi iliyosema "Jumuiya inakukaribisha", akavaa, akaja, akala nyama, na hajui jina lingine la kumwita mtu anayekukaribisha. Walipiga kura. Bwana Raed si mwenyekiti tena.

Linus amepasuliwa tarehe 19, kwa gharama ya Jumuiya. Chuma kimekaa. Ameanza kusimama na magongo, ingawa daktari anasema mguu mmoja utabaki mfupi kidogo kwa sababu alichelewa. Alichelewa miezi minne kupita ule mwezi alioniahidi Bwana Raed. Fidia ya kazi aliyopoteza bado iko mahakamani, na Hafiz, ambaye sasa hana sababu yoyote ya kututazama, amemwonyesha wakili.

Miezi minne, Shangazi. Najua ulichokisema kuhusu upepo, nami nakiamini. Lakini nimeuona mguu.

Mpelekee Mama Marietha habari hizi. Akikataa kukufungulia, msomee mlangoni.

Fortunata


Kamachumu, Kagera
25 Oktoba 2009

Binti yangu,

Marahaba. Barua yako ilifika Jumatatu. Nilikwenda kwa Marietha siku hiyohiyo, hakufungua, nikasoma nikiwa nje kama ulivyoagiza. Nilisoma yote, pamoja na mguu na miezi minne. Ndani nilimsikia akisogeza kigoda karibu na mlango. Nilipomaliza nilirudi nyumbani.

Shamba lake limeota magugu. Maharage ni machanga na yamefunikwa. Linus ndiye aliyekuwa akipalilia kabla hajaja kwenu, na mwaka huu hakuna mtu. Jumanne asubuhi nilichukua jembe nikaenda nikaanza upande wa chini, karibu na kahawa. Goti halikufurahi. Jumatano nikaenda tena. Wapita njia waliniuliza kama Mwalimu amefilisika hata analima vibarua, nikawaambia wapite.

Usidhani nilikwenda kuomba radhi. Nikiulizwa leo kama ulipaswa kutia sahihi ile, nitajibu kama nilivyojibu Mei. Lakini jibu hilo nililitoa mimi na aliyelilipia ni Linus, na mama yake hana wa kumshikia jembe. Hilo nimeliandika likiwa na mtenda wake, kama unavyoona.

Leo Marietha ametoka. Amenitazama nilivyokuwa nimepalilia, akasema nimeacha mizizi. Kisha akaleta jembe lake, akaanza mstari wa pili. Tumefika nusu ya shamba.

Emiliana